Bosi kanipa laki mbili, akasema yameisha

Shikamoo. Msumeno umenikata vidole viwili kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Mimi kibarua tu, sina mkataba. Bosi kanipa laki mbili, akasema yameisha. Kweli yameisha?

Marahaba, na pole sana. Hayajaisha. Sheria ya fidia haidai mkataba wa maandishi. Mkikubaliana kwa mdomo wewe ni mfanyakazi, ulipwe kwa siku au kwa idadi ya mbao. Bosi akishajua umeumia, ana siku 7 kuupa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko. Usisubiri mwaka upite, maana dai linatakiwa lifike ndani ya miezi 12.

Leo hii mtafute msimamizi mwenye lile daftari la vibarua, lenye majina na saini za posho, upige picha ukurasa wa siku ile. Daftari hizo zina tabia ya kupotea. Tunza na karatasi za hospitali. Daktari atapima ulemavu kwa asilimia: ukiwa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo; ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Laki mbili ya bosi haikupimwa na mtu yeyote. Na akikuletea karatasi ya “sitadai tena”, usisaini.

Nimevunjika mguu kazini, daktari kanipa mapumziko ya miezi mitatu. Mhasibu anasema nilipwe na WCF kwa sababu nimekuwa nikikatwa. Ni sawa? (Mbalizi)

Nusu sawa. Kipindi hicho Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24, na matibabu juu yake. Lakini mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake. Kama salari slipu yako inaonyesha umekatwa, dai urudishiwe.

Nilipanda boda kutoka Mwanjelwa, tukaanguka, nikavunjika mkono. Dereva anasema ana bima ndogo, kwa hiyo haihusiki na mimi.

Kinyume chake, binti yangu. Bima ndogo ipo kwa ajili ya wengine wanaoumizwa na chombo, akiwemo abiria aliyelipa nauli. Asiyekuwemo ni dereva mwenyewe, na huenda ndiyo maana anaiona haina kazi. Chukua PF3 polisi, ile fomu ya majeruhi, andika namba ya pikipiki, kisha hakiki bima hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Stika peke yake isikutulize. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nalima viazi vyangu mwenyewe Uyole. Jembe limenikata mguu. WCF watanilipa?

Hapana, mzee wangu, huna mwajiri. Ulizia bima ya ajali binafsi kabla ya msimu ujao. Kwa kidonda cha sasa haitasaidia.