Jibu: Soya kwenye uji wa mzee mwenye lehemu

Dada, umeuliza kama soya itamfaa baba mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi, na kama ni kweli inamaliza nguvu za kiume. Hilo la pili mzee asihangaike nalo. Wanaume waliopimwa homoni baada ya kula soya hawakuonekana kupungukiwa.

Kwenye lehemu inasaidia, ila kidogo: hushusha lehemu mbaya, ile inayoganda kwenye mishipa ya damu, kwa asilimia chache, hasa ikichukua nafasi ya nyama yenye mafuta. Kwa hiyo nyama choma nayo ipungue (najua, hapa Dodoma ni mtihani), na dawa asiache.

Faida kubwa ni protini, karibu gramu 36 katika gramu 100 za soya kavu. Uwele na mtama wetu una upungufu wa laisini (kijenzi kimojawapo cha protini), soya inayo tele, hivyo vinakamilishana.

Wengi hukosea kwa kusaga mbichi. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia protini kumeng'enywa. Chemsha punje dakika 30 hivi, toa maganda, anika, kaanga kidogo, ndipo upeleke mashineni. Kikombe kimoja kwa vitatu vya uwele kinatosha.

Kama anameza dawa ya tezi ya shingo, apitishe masaa manne kabla ya uji huo.