Kauboi na mpelelezi: majibu ya maswali yenu kuhusu riwaya za bei chee

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nasoma sana riwaya za zamani za Kimarekani, za kipelelezi na za makauboi, napokezana tu leo hii kesho ile, na kadiri ninavyosoma naona kama ni mtu mmoja kabadilishiwa nguo. Wote wako peke yao, hawana familia, maneno machache, hawanunuliki kwa hela. Waandishi walikuwa wanaigana au kuna sababu nyingine? (Msomaji wa usiku)

JIBU: Nzuri kabisa ndugu yangu, na umeona kitu cha kweli. Hawa wawili ni ndugu wa damu, tena kauboi ndo kaka mkubwa.

Vijitabu vya senti 10 vilianza kuchapishwa New York mwaka 1860, kampuni ya Beadle ndo ilivianzisha, na shujaa wa humo mara nyingi alikuwa mtu wa mbugani na milimani huko mpakani ambako sheria haijafika. Afu mwaka 1896 Frank Munsey akaligeuza jarida lake la Argosy likawa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi rahisi ya mbao zilizosagwa, ile ambayo ikikaa miaka inageuka njano na kumeguka ukiishika. Wengine wakaingia biashara hiyo hiyo. Kampuni ya Street & Smith ikatoa jarida la upelelezi mtupu mwaka 1915, na mwaka 1919 ikatoa la makauboi watupu, yaani nyumba moja ya uchapishaji inalea watoto wote wawili. Hata jarida la Black Mask lililoanza mwaka 1920, ambalo leo tunalikumbuka kwa wapelelezi tu, miaka yake ya mwanzo lilichanganya na hadithi za makauboi humo humo.

Lakini kwangu sababu kubwa iko nje ya majarida. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilionyesha kwamba ule mstari wa mpaka, wa walowezi kuishia na pori kuanza, haupo tena. Sasa shujaa wa mahali pasipo na sheria aende wapi? Akaenda mjini. Na mwaka 1920 pombe ikapigwa marufuku nchi nzima, hadi 1933, magenge yakatajirika, polisi na wanasiasa wakala rushwa, kwa hiyo mji wenyewe ukawa pori jipya na mwandishi hakuhitaji tena farasi.

Ukitaka ushahidi mtazame Dashiell Hammett. Kabla ya kuandika alikuwa mpelelezi wa Pinkerton, shirika binafsi la upelelezi, lile lile lililoanzishwa Chicago mwaka 1850 hivi na ambalo miaka ya 1870 lilikuwa likimsaka Jesse James, jambazi wa treni na mabenki. Yaani shirika lililowawinda majambazi wa farasi ndo lililomfundisha kazi mtu aliyekuja kutuandikia mpelelezi wa mjini! Sasa soma riwaya yake ya Red Harvest ya mwaka 1929: mgeni anaingia mji wa machimbo uliooza, magenge yamegawana kila kitu, anawagombanisha wenyewe kwa wenyewe mpaka wanamalizana, afu anaondoka zake. Hapo toa magari weka farasi, ni hadithi ya kauboi toka mwanzo mpaka mwisho, na mi naiona ndo daraja lenyewe kati ya hizo aina mbili.

Kuigana kulikuwepo pia, sikatai, kwa sababu malipo yalikuwa kwa idadi ya maneno, mara nyingi senti moja au mbili kwa neno, na mtu anayekula kwa bei hiyo lazima aandike haraka na kila soko linalomfungukia analichukua. Erle Stanley Gardner, wakili aliyekuja kutamba na riwaya za wakili wa kubuni Perry Mason toka mwaka 1933, aliandika za wapelelezi na za makauboi pia.

SWALI: Je ni kweli makauboi walikuwa wanasimama barabarani mchana kweupe wanapimana nani mwepesi wa kuchomoa bastola?

JIBU: Kwa nadra mno. Pambano maarufu kuliko yote, la Tombstone huko Arizona tarehe 26 Oktoba 1881, lilikuwa watu wengi kwenye uwanja mwembamba, lilimalizika kwa nusu dakika hivi na watu watatu wakafa. Na lilihusu nini? Sheria ya mji iliyokataza kutembea na silaha, maana miji kadhaa ya ng'ombe ilikuwa na katazo hilo.

SWALI: Mhariri mimi ni mgeni kabisa kwenye hizi riwaya, nianzie wapi? Shukrani.

JIBU: Karibu sana dada. Anza na hadithi fupi za Hammett za yule mpelelezi asiye na jina, zilianza kuchapishwa kwenye Black Mask mwaka 1923, fupi na hazina maneno ya kujaza nafasi. Kwa makauboi mchukue Zane Grey, ile riwaya yake ya mwaka 1912, Riders of the Purple Sage, ila jiandae na maelezo marefu ya miamba na machweo. Na ujue toka mapema kwamba riwaya nyingi za wakati ule ziliwaandika vibaya wenyeji wa asili wa Marekani, na pia makauboi weusi, ambao walikuwepo wengi tu kwenye kuswaga ng'ombe, wamefutwa kabisa humo, hilo linaniuma kila nikizisoma. Raymond Chandler, naye mwandishi wa wapelelezi, mweke wa tatu. Huyo alipoteza kazi kwenye kampuni ya mafuta mwaka 1932, hadithi yake ya kwanza ikatoka Desemba 1933, na riwaya yake ya kwanza mwaka 1939 aliiunga kutokana na hadithi zake fupi za nyuma, ndo maana ukiifuata kwa kutafuta nani kamuua nani utachanganyikiwa. Yeye msome kwa ajili ya sentensi.