Jibu: Nimepewa wadogo 3 wa mwaka wa kwanza udaktari, nianzie wapi?

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umesema uko mwaka wa nne, umepewa wasichana 3 wa mwaka wa kwanza uwashike mkono. Umeshawatumia madesa (notisi za masomo) na mitihani ya nyuma, lakini wawili wanajibu tu "sawa dada" na wa tatu hapokei simu. Mimi mtoto wa Mkoani, Pemba. Nimemaliza miaka 5 ya udaktari na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitali huku Unguja, na bila ya mtu kunishika mkono nisingefika.

Madesa wanayo, tena yamewazidi. Testi yangu ya kwanza ya anatomia, somo la maumbile ya mwili, nilipata 31 kwa 100. Skuli nilizowea kutoka wa kwanza, na shangazi alikuwa akiniita daktari tangu siku majina ya waliochaguliwa chuo yalipotoka. Nikazima simu siku tatu, nikawa nawaza nauli ya boti ya kurudi nyumbani. Hakuna mwalimu aliyeuliza niko wapi. Aliyekuja ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, akaingia dakhalia, bweni letu, na mkate wa boflo na chaki.

Hakutaka kujua nimepata ngapi. Alikaa chini akachora neva (mishipa ya fahamu) za mkono sakafuni: mizizi 5 kutoka shingoni, ikaungana kuwa vigogo 3, kila kigogo kikagawika viwili, vipande 6 vikakutana kuwa kamba 3, mwisho matawi 5. Akafuta. "Chora wewe." Nikakosea, akafuta. Mara ya nne nikapatia. Kisha akaniuliza: kwenu mchumaji akianguka mkarafuu, akavunjika mfupa wa juu wa mkono, kiganja kikaning'inia hakiinuki, kumeumia nini? Mtu wa hivyo nilimjua tangu utotoni, jirani yetu. Jibu ni neva ya radiali: inapita nyuma ya mfupa ule ule, imeuzunguka. Usiku ule ndipo nilipojua nasoma kwa ajili ya nani.

Yote hayo tuliyasema kwa Kiswahili. Wengi wetu Kiingereza cha darasani kinatufunga mdomo, tunaitikia "sawa" na hatujaelewa. Mwache akueleze kwa lugha yake kwanza. Akishaelewa, majina ya Kilatini atayapachika.

Siku ya kwanza ya kusoma kwa kupasua maiti, fuatana nao mpaka mlangoni. Waambie wale kitu kabla, na kwamba fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, itawatoa machozi, wasidhani ni udhaifu. Na yule aliyelala pale wamwombee dua, ni mwalimu wao.

Siri zao zikae kwako. Visiwa vyetu vidogo, akipata sapu (mtihani wa kurudia) habari inafika kwao kabla hajashuka botini, na mtoto akishaogopa hilo hatakwambia kitu tena. Ila ukiona hapati usingizi usiku, hataki kula, au anasema maisha yamemchosha, hapo usibaki nayo peke yako. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, nenda naye mwenyewe.

Mikutano ya kila wiki si lazima. Sisi tulikuwa tukikaa barazani Jumamosi baada ya alasiri, anayeweza anakuja.

Huyo asiyepokea simu usimpigie tena. Nenda dakhalia leo baada ya magharibi, chukua kitu cha kula, ukae chini. Testi msiitaje mpaka aitaje yeye.