Folda ya pamoja, ila si kwa kila mtu

SWALI: Nyumbani tuna kompyuta ya mezani yenye Windows 11 Home na laptopu mbili, zote kwenye ruta moja. Nimeishea folda ya Hesabu ili mke wangu aifungue kwenye laptopu yake. Watoto nao wakaingia wakafuta faili. Nikawawekea "Deny" wote kwenye "Everyone", sasa mke wangu naye hapiti. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mkeo naye yumo ndani ya "Everyone", na hapo "Deny" huishinda "Allow". Iondoe. Asiyetajwa kwenye orodha haingii, hata kama hajakatazwa.

Kwanza mtenganishe mkeo na watoto kwa akaunti yake mwenyewe, hapa tuiite mama; jina hilo na nywila yake ndivyo atakavyoandika akifungua folda kutoka laptopu yake. Kwenye kompyuta ya mezani fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika net user mama * /add, kisha nywila mara mbili (haitaonekana unapoichapa, ni kawaida). Usiiache tupu: akaunti isiyo na nywila hukataliwa kupitia mtandao, na PIN haifanyi kazi huko. Ongeza net accounts /maxpwage:unlimited, la sivyo nywila hiyo itaisha muda baada ya siku 42 na mama atashindwa kuelewa kwa nini amefungiwa nje. Hakikisha pia "Password protected sharing" imewashwa.

Sasa bofya kulia folda ya Hesabu: Properties, Sharing, Advanced Sharing, Permissions. Ondoa "Everyone", ongeza mama, mpe "Change" na "Read".

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Kichupo cha Security nacho kina orodha yake, na anayetoka mtandaoni hupimwa kwa zote mbili. Yenye masharti makali zaidi ndiyo inayotawala. Mpe mama "Modify" huko pia. Anayekaa mbele ya kompyuta yenyewe hupimwa kwa Security peke yake, kwa hiyo bofya Advanced, kisha "Disable inheritance", uchague kubadilisha ruhusa zilizorithiwa ziwe za folda yenyewe. Ondoa "Users" na "Authenticated Users", acha "SYSTEM" na "Administrators", na jiongeze mwenyewe kwa jina ukiwa na "Full control". Watoto wakitumia akaunti yako, kazi yote hiyo ni bure.

Laptopu ya watoto ikiendelea kuingia, huenda mama aliwahi kuandika nywila yake pale akaweka tiki ya kukumbukwa. Ifute kwenye Credential Manager (ghala la nywila zilizokumbukwa na Windows), andika net use * /delete, halafu uiwashe upya laptopu.

SWALI: Nikiita folda Hesabu$ haitoshi? Haionekani kwenye orodha.

JIBU: Haitoshi. Alama hiyo huficha jina tu. Anayelijua huliandika akaingia.

SWALI: Folda yangu iko kwenye diski ya nje na kichupo cha Security hakipo kabisa.

JIBU: Diski hiyo imefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ya faili isiyotunza ruhusa za faili kama NTFS inavyofanya. Zinabaki zile za Sharing peke yake. Kama ni FAT32 na herufi yake ni E, amri ya convert E: /fs:ntfs huibadilisha bila kufuta kitu, ingawa nakili data pembeni kwanza. exFAT haikubali amri hiyo: hamisha faili zote, fomati kwa NTFS, uzirudishe. Ruhusa za NTFS nazo hazisimbi faili. Mtu akiichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta anayoisimamia, atasoma kila kitu.