Jibu: Nani amwarifu nani katika mradi wenye wadau wengi?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza namna ya kugawa dhamana ya mawasiliano katika mradi wenu wa maji huko Wete, Pemba, ambako mkandarasi anasema alimwarifu mhandisi, mhandisi anasema alimwarifu sheha (kiongozi wa serikali katika shehia), na wananchi wameamka wakakuta njia imechimbwa bila ya kuambiwa.

Kabla ya kuchora jedwali lolote la nani amwarifu nani, fungueni mkataba. Katika mikataba ya ujenzi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), mkandarasi hupokea maagizo kutoka kwa mhandisi msimamizi, kwa hiyo agizo la simu la ofisa wa wizara, hata awe mkubwa kiasi gani, huvuruga kazi. Mkataba wenu sijauona, basi anzeni hapo.

Halafu orodhesheni taarifa, si watu: tarehe ya kuchimba, kukatwa maji, ajali, malipo ya fidia. Kwa kila taarifa andikeni nani anaiandaa, nani ana dhamana nayo, nani ashauriwe kabla na nani aarifiwe tu. Mwenye dhamana awe mmoja, kwa jina na nambari ya simu, pamoja na wa kumkaimu anaposafiri kwenda Unguja. Katika miradi niliyoshughulikia, palipoandikwa "kamati" hapakupatikana mtu wa kujibu.

Sheha naye msimtumie ujumbe wa WhatsApp peke yake. Mpelekeeni barua yenye tarehe, mapema kiasi cha kuwahi kutangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, naye atie saini nakala mtakayobaki nayo.