Hesabu kinachopita mkononi: maswali yenu kuhusu malengo ya ubunifu Kigoma

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali yanayogusa jambo moja: watu wa kazi tofauti wanaokaa pamoja ili kubuni vitu vya kusaidia kazi zao, na namna ya kuwawekea malengo yanayopimika. Wataalamu huita muungano wa namna hii mfumo ikolojia wa ubunifu. Mimi nitauita mtandao, kwa sababu ndivyo wengi wenu mlivyoandika. Kila swali linafuatwa na jibu langu.

Mimi ni mratibu wa mtandao wetu hapa Ujiji. Tuna kina mama wakaushaji dagaa, mafundi wa kuchomelea, wakufunzi wa chuo cha ufundi na ofisa wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Lengo letu lilikuwa "kuimarisha ushirikiano na kukuza ubunifu katika mnyororo wa thamani wa dagaa". Mfadhili amelirudisha, anasema halipimiki. Tulirekebishe vipi?

Ndugu mratibu, mfadhili ana haki. Jiulize: mwakani, nani ataweza kusimama kwenye kikao na kusema lengo hilo halijafikiwa? Hakuna. Mkifanya mikutano miwili mtasema ushirikiano umeimarika, mkifanya mmoja mtasema hivyo hivyo.

Shukeni mwaloni Kibirizi wakati wa masika. Mama ameanika tangu asubuhi, adhuhuri wingu linatanda juu ya Ziwa Tanganyika, na kabla hajamaliza kukusanya, mvua imeshashuka. Dagaa walionyeshewa hubadilika rangi, wengine huoza, na waliokaa mchangani hubeba mchanga hadi sokoni. Mwisho huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hapo ndipo namba yenu ilipo. Kabla fundi hajakata nondo hata moja, pimeni miezi miwili: katika kila kilo 100 zilizoanikwa, ngapi zimeishia kwa wafuga kuku?

Tuseme mmekuta 30. Lengo sasa linaandikika: "Kufikia mwisho wa masika ijayo, katika kila kilo 100 zinazoanikwa na wanachama wetu 25, zinazouzwa kama chakula cha kuku zishuke kutoka 30 hadi 15." Fundi akilisoma anajua kwamba kazi yake ni vichanja vilivyoinuliwa na paa la nailoni linalofunikika haraka. Mkufunzi anajua apime nini. Mama anajua atadai nini. Namba 30 na 15 ni za mfano tu. Zenu zitoke kwenye mizani yenu.

Kuna jambo moja ambalo mfadhili aliyeko Dar es Salaam huenda hatalifikiria, nanyi mkilisahau litawaaibisha. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Mbalamwezi ikiwa kamili vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, hupumzika, samaki hawavutwi na taa. Kwa hiyo msilinganishe wiki na wiki kwa kalenda ya ukutani. Linganisheni giza na giza, yaani mzunguko mzima wa mwezi mwandamo na mzunguko mzima unaofuata. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mtandao uliopima "kilo zilizouzwa kwa mwezi" ungeonekana umeanguka kipindi hicho, hali hakuna aliyekosea. Ndiyo maana nasisitiza sehemu ya mia kuliko jumla.

Mimi ni mkaushaji dagaa Katonga. Miaka ya nyuma walikuja wanafunzi, wakapima, wakaandika, wakaondoka. Hatukuona kitu. Sasa tunaombwa tena tujiunge na mtandao. Nitajuaje kama safari hii ni tofauti?

Mama yangu, hasira yako ni ya haki, na swali lako limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Niliwahi kukaa katika kikundi cha namna hii, na ripoti yetu ilijaa picha za watu wameshika kalamu. Mwaka ulipoisha nilimuuliza mwenzetu mmoja wa mwaloni ni kitu gani kimerudi kwake. Akanionyesha fulana.

Kabla hujasaini, waambie waandike lengo moja juu ya siku. Siku uliyolitaja tatizo iandikwe kwenye daftari, na siku jaribio la kwanza lilipofika mwaloni iandikwe pia. Katikati zimepita siku ngapi? Mtandao ukisema "tatizo lolote litakalotajwa na mkaushaji litajibiwa kwa jaribio au kwa maelezo ndani ya siku 60", basi wewe una kitu cha kuwashikia. Na jibu la "tumejaribu, imeshindikana, sababu ni hii" lihesabiwe kuwa jibu. Kimya ndicho kisihesabiwe.

La pili, waulize matokeo ya vipimo vyako utasomewa lini. Anayekupimia dagaa wako akuambie alichokiona kabla hajakipeleka kwingine. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Kigoma, vyuo vipo, wasomi si haba. Kinachokosekana mara nyingi ni safari ya kurudi, nayo ina tarehe. Tarehe inapimika.

Shikamoo. Sisi ni vijana wa Mwanga, tunatengeneza vikaushio vya sola. Tumejiwekea lengo la kubuni vifaa 20 kwa mwaka ili tushiriki MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wenzetu wa mtandao wanasema ni wengi mno. Wewe unaonaje?

Marahaba wanangu. Nakubaliana na wenzenu. Namba 20 itawafanya mkimbilie vitu vyepesi, kwa sababu kifaa kigumu kimoja kinakula muda wa vyepesi vitano. Mtamaliza mwaka na stoo iliyojaa.

MAKISATU ni jukwaa zuri, tangu 2019 limewatoa wabunifu wengi gizani, na kwenda nendeni. Lakini hesabu nyingine ndiyo inayosema ukweli: vifaa vingapi bado vinatumiwa na mtu asiye mwanachama miezi sita baada ya kukabidhiwa? Akikitumia jirani aliyekinunua kwa pesa yake, kimefaulu. Kikigeuzwa banda la kuku, nendeni mkamsikilize, andikeni alichosema, rudini karakanani. Ningewawekea vifaa vitatu, kila kimoja kikiwa kimerekebishwa angalau mara mbili kwa maoni ya mtumiaji. Vitatu hivyo vitawachosha kuliko ishirini.

Tunakamua mawese karibu na Mwandiga. Mtandao ulituletea mashine, lengo likiwa kuongeza mafuta kwa robo. Mwezi huu tumepata madumu machache kuliko kabla ya mashine. Tumeshindwa?

Bado hatujui, na hata nyinyi hamwezi kujua kwa kuhesabu madumu. Madumu hufuata msimu wa chikichi. Msimu ukipungua, hata mashine ya dhahabu itatoa kidogo.

Pimeni mafuta kwa uzito wa chikichi zilizoingia: kilo 100 za chikichi zimetoa lita ngapi. Kisha tenganisheni aina. Dura, ile michikichi ya wazee wetu, ina kokwa lenye gamba nene na nyama kidogo. Tenera, ambayo ni chotara wa dura na pisifera, ina gamba jembamba na nyama nyingi, hivyo hutoa mafuta zaidi kwa uzito ule ule. Leo mkikamua tenera na kesho dura, mtaisifu mashine au kuilaumu kwa kazi ya mbegu. Hapo kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinawafaa sana, kwa kuwa utafiti wa michikichi ndiyo kazi yao. Waombeni mtu akae nanyi siku moja ya kukamua, aone mnavyopima. Na mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa, msiitupe nje ya hesabu, ni pesa vilevile.

Nani anafaa kushika daftari la vipimo?

Asiye mratibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari likishikwa na anayeandika ripoti kwa mfadhili, namba huanza kunenepa. Chagueni watu wawili kutoka mwaloni au kiwandani, wabadilishane kila baada ya miezi mitatu, na lisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Je, mikopo ya halmashauri iwe sehemu ya malengo yetu?

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni nyenzo. Kuipata kusiwe lengo. Andikeni mkopo utabadilisha nini, kisha mkipime hicho.

Niko Tabora, kwa wafugaji nyuki. Hayo ya dagaa yanatuhusu?

Yanawahusu sana, tena nyinyi mna kipimo chepesi kuliko sisi. Asali ikiwa na maji mengi huchacha. Kiwango cha kimataifa hakitaki yazidi asilimia 20, na kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma unyevu huo kwa tone moja tu. Lengo lenu liwe ndoo ngapi katika kila 100 zimepita chini ya kiwango hicho siku ya kupokelewa. Chuo cha nyuki kipo hapo hapo mjini, waalikeni wawafundishe kupima wenyewe.

Tunapima vitu vyote hivyo, lakini ushirikiano wenyewe tutaupimaje? Mahudhurio ya vikao yanatosha?

Hapana. Watu huhudhuria kwa ajili ya nauli na chai, na siwalaumu. Kila baada ya miezi mitatu muulize kila mwanachama peke yake: umefanya kazi na nani, na mlipeana nini? Ushauri, mizani, chuma, nafasi ya kuanika, mteja. Chora majina kwenye karatasi kubwa, unganisha kwa mistari kila waliopeana kitu. Kisha chukua kalamu nyekundu, futa mistari yote inayopita kwa mratibu.

Hesabu iliyobaki. Kama mama wa Katonga amempigia fundi wa Mwanga moja kwa moja, naye akaja na mashine yake ya kuchomelea bila barua ya mtu, huo ni mstari mmoja. Ukiwa na mistari minne leo, lengo la mwakani liwe kumi na mbili, na nauli isiwepo.

Nitumieni picha ya karatasi yenu ya kwanza, hata ikiwa tupu.