Mtoto wa miezi 16 na rangi ndani ya nyumba

Pole na kazi. Umesema mwanao anapaka rangi ukutani, anaitia mdomoni, na nje hamna nafasi. Usishindane naye, punguza rangi.

Mweke ndani ya beseni kavu la kuogea, au kwenye kiti chake cha kulia, amevaa nepi tu. Bandika karatasi kwa utepe pembe zote nne. Ikilegea ataibeba na rangi itaruka. Mpe rangi moja, kijiko kimoja cha chai, umwage hapohapo kwenye karatasi. Ukimpa kikombe atakipindua. Kitambaa chenye maji kiwe mkononi kabla hujafungua rangi, maana ukienda kukitafuta ndipo ukuta unapochorwa. Akianza kurusha, acheni, hata kama ni baada ya dakika 5.

Kwa kuwa anaonja, tengeneza mwenyewe: vijiko 3 vya chakula vya wanga wa mahindi, kikombe 1 cha maji baridi, koroga madonge yaishe, pika kwa moto mdogo hadi iwe nzito, kisha poza kabisa. Matone 2 ya rangi ya chakula yanatosha. Yakizidi yatang'ang'ania nguo na vidole. Unga mbichi usitumie, unaweza kuwa na vijidudu. Na rangi ya dukani iliyoandikwa "haina sumu" bado si chakula.

Ikimwingia jichoni, suuza kwa maji safi ya vuguvugu dakika 15. Jicho likibaki jekundu au akiendelea kulifikicha, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.